Cha kale na cha kisasa havipatani? Anza na kinachoweza kurudishwa

Malalamiko ya watu wanaochanganya samani za kale na za kisasa hujirudia mno. Ukiyasikiliza kwa miaka michache unaanza kuyatambua kama fundi gari anavyotambua ugonjwa wa injini kabla boneti haijafunguliwa. Mtu amerithi kabati, ameliweka jirani na sofa jipya la kijivu, amerudi hatua tatu nyuma kuangalia, na moyo haukubali. Halafu anafanya kosa lilelile la wenzake: anaenda kutafuta msasa na kopo la rangi.

Mimi mwenyewe nimo kwenye kundi hilo. Nilikuwa na meza ndogo ya pembeni, kahawia yenye wekundu, niliyodhani inagombana na sakafu. Niliipiga msasa mpaka ikawa nyeupe kama njiti ya kiberiti, nikaipaka rangi ya kufanana na sakafu. Wiki mbili baadaye balbu ya chumba iliungua, nikaweka nyingine yenye mwanga wa joto zaidi, na palepale nikaona kwamba sakafu yenyewe ilikuwa na wekundu muda wote. Meza haikuwa na kosa lolote. Balbu ningeweza kuibadilisha mara mia; ile rangi iliyoiva kwa miaka mingi nilikuwa nimeshaifagia pamoja na vumbi la msasa.

Kwa hiyo hapa kila tatizo linaanza na hatua unayoweza kuifuta kesho: kuhamisha, kubadilisha mwanga, kubadilisha kilicho jirani. Kugusa ngozi ya samani yenyewe kunakuja mwisho, na mara nyingine hakuji kabisa.

Neno moja kuhusu majina. Wafanyabiashara wengi huita kitu “cha kale” kikipita miaka 100, kipimo ambacho hata forodha ya Marekani hukitumia. Chini ya hapo, kuanzia kama miaka 20, huitwa vinteji, na mpaka wake ni legelege. Tofauti hii ina maana unapofika kwenye ukarabati, kwa sababu gundi na polishi za zamani si hizi za leo.

“Sebule imekuwa kama stoo ya makumbusho”

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni kwamba vitu vya kale vyote vimesimama upande mmoja. Kabati, saa ya ukutani, kiti cha mikono na kioo vimepanga mstari ukuta mmoja, na ng’ambo ya pili kuna televisheni na sofa. Chumba kimekatika vipande viwili vinavyotazamana kama timu za mpira.

Piga picha ya chumba kwa simu ukiwa umesimama mlangoni, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka, utaona mara moja giza limelundikana wapi. Hamisha kitu kimoja kizito kwenda upande wa pili, piga tena. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Isipoishia hapo, angalia kama vitu vimebanana. Samani ya kale huwa na nakshi, miguu iliyochongwa na vishikio. Jicho linahitaji ukuta mtupu pembeni yake ili liione. Toa kila kitu kidogo juu ya makabati na meza, kaa navyo nje kwa siku mbili, rudisha kimoja kimoja. Utakapofika mahali unapojilazimisha, simama.

Sababu ya tatu ni seti. Ukinunua meza, viti 6 na kabati la vyombo vya zama moja na mtindo mmoja, umeleta chumba cha watu wengine ndani ya chumba chako. Ivunje seti: meza ibaki, viti viwili viende vyumbani, na kuzunguka meza weka viti vya leo. Kuna kanuni ya wapambaji ya 80 kwa 20, yaani mtindo mmoja utawale na mwingine uwe kiungo. Mimi huwa sihesabu, lakini nusu kwa nusu ndiyo hesabu ngumu kuliko zote, kwa hiyo kama wewe ni mgeni wa mambo haya, usianzie hapo.

“Kipo kimoja tu, na kinaonekana kimepotea njia”

Hili ni kinyume cha lile la kwanza. Chumba chote ni cha kisasa, na katikati yake kuna kasha moja zee linaloonekana kama limeachwa na watu waliohama.

Mara nyingi halina mwenzake. Si lazima mwenzake awe wa kale. Kama kasha lina vishikio vya shaba, chumba kinahitaji shaba mahali pengine pawili: shina la taa, fremu nyembamba ya picha. Kama limejaa mikunjo, weka karibu yake kitu cha kisasa chenye mviringo. Jicho likikutana na jambo lilelile mara ya tatu, linaacha kuuliza limefikaje.

Sababu inayofuata ni aibu ya mwenyewe. Watu hukisukuma kitu cha kale kwenye kona au nyuma ya mlango, nacho kinaonekana kama kinachosubiri kutupwa. Kiweke mahali ambapo mtu akiingia ndicho anachokiona kwanza, uning’inize picha ya kisasa juu yake, kitovu cha picha kikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kikizidi kupotea hata hapo, basi tatizo ni mistari: kitu chenye nakshi nzito kimewekwa kati ya vitu visivyo na hata mpindo mmoja.

Hapo ndipo kuchagua kunapoanza kuwa na maana. Mwaka 1925, msanifu majengo Le Corbusier alipoonyesha jijini Paris nyumba yake ya mfano, Pavillon de l’Esprit Nouveau, alikaribisha ndani yake viti vya Thonet vya mbao iliyopindwa kwa mvuke. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza viti vya namna hiyo tangu karne iliyotangulia. Kile maarufu zaidi, namba 14, ni cha 1859. Havikuonekana vya zamani ndani yake, kwa sababu vilikuwa mstari mtupu bila pambo. Kama chumba chako ni kikavu sana, kitu cha kale chenye umbo jepesi kitakuokoa haraka kuliko chenye makucha ya simba.

“Mbao zinagombana”

Naona hili ndilo lililoharibu samani nyingi kuliko mchwa.

Chanzo kikuu ni rangi iliyolala chini. Mbao huwa na rangi mbili: ile unayoitaja ukiulizwa, “kahawia”, na ile iliyojificha ndani yake, ambayo ni nyekundu, njano au kijivu. Mbao mbili zinaweza kutofautiana sana kwa weusi na weupe zikapatana vizuri, ilimradi zote mbili zina wekundu. Zinaweza pia kulingana kabisa kwa weusi zikachukiana, kwa sababu moja ina wekundu na nyingine ina ukijivu. Ndiyo maana kulinganisha kwa “nyeusi na nyeupe” tu hakufiki popote.

Pima hivi. Mchana, karibu na dirisha, taa zikiwa zimezimwa, weka karatasi nyeupe ya kuandikia juu ya samani ya kale, nusu ya macho yako kwenye karatasi na nusu kwenye mbao. Ule wekundu au unjano utajitokeza wenyewe. Fanya vivyo hivyo kwenye sakafu, kisha kwenye meza ya kisasa. Sasa unajua nani hasa ndiye mgeni, na mara nyingi si yule uliyemshuku.

Sababu ya pili ni kwamba mbao zinakaribiana kupita kiasi. Meza inayofanana na sakafu kwa asilimia tisini inaonekana kama jaribio lililoshindwa. Afadhali tofauti iwe ya wazi.

Ya tatu ni kugusana. Miguu ya mbao ikikanyaga moja kwa moja sakafu ya mbao nyingine, hakuna kinachoziamua. Tandika zulia. Zulia lisilo na rangi ya mbao yoyote ndani yake, la kijivu cha jiwe, la bluu, la pamba mbichi, ndilo dawa ya bei ndogo kuliko zote katika ukurasa huu, na ukilichoka unalikunja. Juu ya meza fanya hivyohivyo kwa kitambaa, trei ya chuma au kauri.

Baada ya hayo yote, kama bado unataka kubadilisha rangi ya mbao, badilisha ile mpya. Meza ya kisasa ya kiwandani ukiikosea unaweza kupata nyingine kama hiyo.

“Mchana inapendeza, usiku imekufa”

Balbu. Mwanga mweupe wenye ubaridi, wa Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4000 na kuendelea, huzima wekundu na unjano wa mbao ya zamani na kuifanya ionekane na majivu. Soma boksi, chukua ya 2700 hadi 3000, na kama wameandika CRI, ambayo ni alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uhalisia, tafuta 90 au zaidi. Kama balbu tayari ni nzuri, basi mwanga wote unatoka darini: weka taa ndogo pembeni ya samani, chini ya usawa wa macho, nakshi zipate vivuli.

“Tunakula tukiwa kama watoto mezani”

Samani za zamani hazikufuata vipimo vya leo. Meza ya kulia ya kisasa huwa na kimo cha sentimita 73 hadi 76 na kiti cha kama 45, hivyo kati ya kikalio na ubao wa meza hubaki kama 28 hadi 31. Pima kwa futi kabla ya kununua, si baada. Kiti kikiwa chini, mto wa kukalia unatosha. Kikiwa juu, usikate miguu. Vitanda vya kale navyo mara nyingi havipokei godoro la saizi za dukani. Fundi anaweza kuweka fremu ya chaga ndani bila kutoboa mbao za asili.

“Kina harufu, na imeingia hadi kwenye mapazia”

Kwa mpangilio wa kutokea: unyevu uliokaa ndani ya droo ambazo hazijapakwa chochote, naftalini, moshi wa sigara, na mwisho panya.

Toa droo zote. Zianike kivulini penye upepo, si juani, maana jua kali hukausha upande mmoja na mbao inapinda. Vuta vumbi kwenye pembe, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, acha zikauke kabisa. Kisha weka bakuli la magadi soda au la mkaa ndani, funga, subiri wiki nzima. Harufu ikirudi kila unapofunga, basi mbao imeinywa: mkono mmoja wa shelaki, ile vanishi ya zamani inayoyeyushwa kwa spiriti, ndani ya droo, upande usioonekana, huifungia humo.

Ukikuta mavi ya panya, usifagie makavu. Vaa glavu, yalowanishe na dawa ya kuua vijidudu, ndipo uyafute. Na kama harufu inatoka ndani ya kiti chenye mto wa zamani, au ukungu umesambaa kwenye kitambaa chote, acha hapo. Hiyo ni kazi ya fundi wa makochi atakayefungua na kutoa vilivyomo.

“Kuna unga chini ya mguu wa kiti”

Hapa punguza haraka zote za kupamba.

Unga hauna maana moja. Mara nyingi ni mabaki ya wadudu waliokwisha kufa miaka mingi. Ukisogeza kiti, vitobo vya zamani vinamwaga vumbi lake. Mara chache zaidi wadudu wako hai, na hapo kila mbao iliyo karibu iko hatarini.

Kipimo hakina gharama. Kifute kiti, vuta vumbi kwenye vitobo, kisimamishe juu ya karatasi nyeusi mahali ambapo hakuna atakayekigusa. Andika tarehe kwenye kona ya karatasi. Nilifanya hivyo kwa kigoda kimoja nilichokuwa nimeshakiahidi nafasi chini ya dirisha. Siku ya tano karatasi ilikuwa safi. Siku ya tisa kulikuwa na kilima kimoja, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, cheupe, chenye ncha, na juu yake kabisa kwenye mguu palikuwa na kitobo ambacho kingo zake zilikuwa na rangi ya mbao mbichi. Hilo ndilo jibu. Vitobo vya zamani vina kingo zilizofifia na vumbi ndani yake limeingia weusi.

Soma kilichodondoka. Unga laini pamoja na vitobo vya mviringo vya milimita 1 hadi 2 ni mbawakawa wanaobungua mbao. Wapo wa aina kadhaa, lakini hatua zako za mwanzo ni zilezile. Chembe ngumu kama mbegu ndogo, zenye pande sita ukizitazama kwa kioo cha kukuzia, ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu.

Kitu kikiwa hai, kitenge: kifunge kwenye nailoni na ukiondoe chumba chenye mbao nyingine. Kidogo kinachoingia kwenye friza, kisicho na kioo, rangi inayobanduka wala vipande vilivyopachikwa, kinaweza kugandishwa kikiwa ndani ya nailoni iliyofungwa vizuri, kwenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Kiache kirudi kwenye joto la chumba bado kimefungwa, la sivyo kitatoa jasho.

Simama uite mtaalamu kama ni mchwa, kama dalili zimeonekana kwenye kitu cha pili, kwenye sakafu au kwenye fremu za milango, au kama ukibonyeza mbao kwa ukucha inabonyea. Kufukiza kwa gesi si kazi ya nyumbani hata kidogo.

“Kilikuwa kizima. Miezi mitatu hapa, kimepasuka”

Kwanza angalia kilipo: mbele ya kiyoyozi, karibu na kipasha joto, au kwenye jua la dirisha kubwa. Kiyoyozi na kipasha joto hukausha hewa, ilhali mbao hiyo imeishi miaka mingi mahali penye hewa nyingine. Mbao husinyaa na kutanuka kwa upana wake. Kwa urefu ni kidogo sana. Ubao mpana uliobanwa pande zote ukitaka kusinyaa, unapasuka.

Hamisha kwanza. Nunua kipima unyevu kidogo, kiache siku kadhaa; kati ya asilimia 40 na 60 panafaa, na kisichopandapanda ni bora kuliko kilicho sahihi. Usijaze ufa sasa. Unyevu ukirudi, mbao itatanuka, itakuta gundi au unga wa mbao umekaa pale, na itapasuka pembeni yake. Subiri misimu yote ipite ndipo uamue.

Kama kilichoinuka ni vinia, ule ubao mwembamba uliogandishwa juu, gongagonga kwa ukucha. Palipoachia panalia kama pakavu na tupu. Samani nyingi za kabla ya katikati ya karne ya 20 ziligandishwa kwa gundi ya ngozi au mifupa ya wanyama, ambayo hulainika kwa joto na unyevu na kushika tena. Seremala wa samani za kale analijua hilo na atatumia. Wewe ukijaribu kwa pasi juu ya polishi ya shelaki unaweza kubaki na doa jeupe lenye umbo la pasi. Kwa hiyo bandika karatasi ya gundi hafifu kipande kisipotee, na umwite.

“Kiti kinayumba, droo imegoma”

Kabla ya yote, hamishia kiti sehemu nyingine ya sakafu. Usicheke, mara nyingi kosa ni la vigae.

Kikiyumba kila mahali, shika mgongo na kikalio, kitikise taratibu, utaona kiungo gani kinafumbua mdomo. Gundi ya zamani imekauka. Kama inalainika kwa kitambaa cha maji moto, ni ile ya wanyama: isafishe yote, paka mpya ya aina hiyohiyo, funga kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti mpaka ibane, acha saa 24. Gundi nyeupe ya dukani haishiki vizuri juu ya mabaki ya ile ya zamani. Msumari na skrubu ndivyo vibaya zaidi, maana kiungo hakitakaza, na siku moja mbao itachanika pale pale. Ukikuta msumari wa fundi aliyekutangulia, au mguu wenye ufa unaofuata nyuzi za mbao, kiti hicho kisikaliwe hadi seremala akione.

Droo iliyogoma huenda imewekwa kwenye nafasi ya mwenzake. Jaribu kuzibadilisha. Kisha sugua mshumaa mkavu kwenye njia zake za chini. Zaidi ya hapo subiri hali ya hewa ikauke kabla hujafikiria randa. Ukiranda wakati wa unyevu, kiangazi droo itacheza ndani kama jino bovu.

“Glasi imeacha duara jeupe”

Jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya polishi, na jeusi ni unyevu uliofika kwenye mbao. Jeupe liache wiki moja bila kuligusa, mara nyingine huondoka lenyewe. Likibaki, sugua kwa kitambaa laini chenye nta kidogo ya samani, kufuata nyuzi. Jeusi ni la fundi.

Kabla hujapaka chochote kikali zaidi ya nta, jua uso ni wa nini. Mahali pasipoonekana, gusa kwa pamba yenye tone la spiriti. Ukinata na kulainika, ni shelaki, na maji ya kusafishia yenye kilevi yasije karibu yake tena.

“Shaba imefifia”

Weka sumaku. Ikinasa, si shaba tupu, ni chuma kilichopakwa, na kusugua kutaondoa hata hicho kilichopo. Isiponasa, bado ningekushauri ufute vumbi tu. Vishikio vinavyong’aa kama vya jana juu ya kabati la miaka 120 ndivyo hufanya watu waulize kama ni la kuigiza.

Mambo ambayo hayana “jaribu kwanza”

Taa ya kale yenye waya wa kitambaa, au wa mpira uliokauka na kukatika ukiukunja: usiichomeke hata kwa dakika moja ya kuijaribu. Fundi umeme atabadilisha waya, soketi na plagi, na taa ya chuma ataiunganisha na waya wa ardhi. Umbo lake halitabadilika.

Rangi ya zamani inayobanduka: huenda ina risasi, ile metali yenye sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumbani yenye risasi mwaka 1978, lakini samani iliyopakwa kabla ya hapo bado ina ngozi ileile. Usipige msasa mkavu, usichome kwa moto. Vipo vipimo vidogo vya kununua, na kama kuna mtoto au mjamzito nyumbani, toa kitu hicho nje ya chumba kwanza ndipo upime.

Kioo cha kale chenye vitone vinavyong’aa kama fedha chini ya fremu: njia ya kupaka fedha nyuma ya kioo ilitoka kwa mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, na kabla yake, hata kwa miongo kadhaa baada yake, vioo vilipakwa bati na zebaki. Vitone hivyo huenda ni zebaki, ambayo ni sumu: usivivute kwa mashine ya vumbi, usivifute. Fungua madirisha, toka, tafuta wanaoshughulika na taka za sumu. Madoa meusi ya kawaida kwenye kioo hayana hatari hiyo, na kukipaka upya ni kuua nusu ya uzuri wake.

Saa zenye namba zinazong’aa gizani za nusu ya kwanza ya karne ya 20 mara nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, ambayo hutoa mionzi hatari. Usiifungue kioo chake.

Kitanda cha mtoto cha zamani kisilaliwe na mtoto. Nchini Marekani nafasi kati ya vijiti hairuhusiwi kuzidi kama sentimita 6, na vile vyenye upande unaoshuka vilipigwa marufuku mwaka 2011. Kitumie kuwekea mablanketi. Na kabati lolote refu, la kale au jipya, lifungwe ukutani kwa kamba au bati kwenye mbao ya nyuma isiyoonekana. Likijaa na mtoto akivuta droo mbili za juu, linakuja lote.

“Nimefanya yote. Bado”

Sababu ya kawaida: kitu hiki ni kikubwa kuliko chumba. Kata karatasi ya magazeti kwa umbo la kitako chake, iweke sakafuni chumba kingine, tembea kuizunguka siku mbili kabla ya kuwaita watu wa kukibeba.

Sababu isiyotajwa sana: hukipendi. Kimekaa hapo kwa sababu ya aliyekupa. Ulizia ndugu kama kuna anayekitaka. Ukute kuna binamu ambaye amekuwa akikitazama tangu mazishi na hakuthubutu kuomba. Na kwa kuwa hukukipiga msasa, utampa kilekile anachokikumbuka.